Mlio Kabla ya Almasi

Sindano ya almasi ilikuwa haijagusa kitu, na mlio ulisikika.

Perihan aliuandika kama alivyoandika milio mingine yote ya siku zilizotangulia, saa nne na dakika kumi, bila kushtuka. Kazi yake kiwandani, pale mjini Eskişehir, ilikuwa kupima ngozi ya kauri inayopakwa juu ya vyuma vya injini za ndege. Almasi huburutwa juu ya kauri, ikikandamizwa zaidi na zaidi. Kauri ikianza kupasuka hulia, mlio mdogo ambao kidude kilichobanwa chini ya chuma huunasa na kuupeleka kwenye hedifoni. Ikilia mapema, kipande hakipandi ndege.

Kipande hiki alikipaka Cevdet, mumewe, wiki ile tanuri ilipomuua. Alikuwa na siku thelathini na nane kaburini. Perihan hakulia. Baada ya wiki moja alikuwa amerudi kazini.

"Dada, iache hiyo mashine," alinong'ona Tuncay, fundi wa meza ya pili. "Kuna harufu ya nywele zilizoungua."

"Siisikii."

"Waya nimechomoa mimi mwenyewe. Mbona bado inalia?"

Perihan akampa hedifoni. Tuncay akazivaa, na mwanzoni akasikia kupasuka tu, ti, ti, kama barafu ya mto Porsuk inapoanza kuachia, kisha milio ikakaribiana, ikaungana, ikawa pumzi, na pumzi ikawa mdomo uliokaribia mno sikio lake, ukiuliza kwa upole, kwa sauti ya marehemu Cevdet, Perihan, umelala, Perihan, umelala, huku ile harufu ikimjaa kooni mpaka akazitupa hedifoni sakafuni.

"Ni wale wa herufi tatu," alisema. Ndivyo majini huitwa kwao; jina lenyewe hakuthubutu kulitaja.

Adhuhuri akamleta Shehe Rüknettin wa msikiti wa jirani. Shehe akasoma aya, akamwambia Perihan waya urudishwe na almasi ishuke kwa uzito wote wa mashine. Akafanya hivyo. Kauri ikapasuka ncha hadi ncha, na kitu kikapiga ukelele ambao wote watatu waliusikia bila hedifoni, vioo vya madirisha vikatetemeka. Kisha kimya.

"Hakuwa mumeo," alisema shehe.

"Najua. Cevdet hakuniita kwa jina hata siku moja. Aliniita 'we binti'."

"Umejua tangu lini?"

"Siku ya kwanza."

"Na ukaendelea kumsikiliza?"

"Hakuna mwingine anayeniuliza kama nimelala."

"Aliuliza nini kingine?"

"Kama anaweza kuja nyumbani."

"Ukamjibu nini, mwanangu?"

Perihan alivua koti la kazi, akalitundika msumarini.

"Tangu Jumanne napika cha watu wawili," alisema. "Anamaliza sahani yake."