Chembe Iliyogoma Kupoa

Harufu ya udi haina kazi maabarani. Chumba cha leza huingizwa hewa iliyochujwa, manukato hayaruhusiwi, na Cheryl, mkuu wa zamu, ana pua ya kunusa hata kitunguu ulichokula jana. Ila asubuhi ile Nusra alinusa udi, na ndani ya udi, nywele zinazoungua.

Akamshuku mama mkwe wake kwamba amelifukiza koti lake. Akalinusa. Wapi! Alipoinua macho, Cheryl alikuwa anamtazama kwa jicho la pembeni.

"Umejipaka kitu, Nusra?"

"Sijajipaka. Wewe je?"

Hakuna aliyemwamini mwenzake.

Kazi yao ni kubana chembe ya madini, ndogo kuliko punje ya chumvi, kati ya ncha za almasi mbili, kisha kuipiga leza mpaka iwake, huku eksirei zikiichungulia. Leza ilikwisha kuzimwa. Kwenye skrini, chembe bado iliwaka.

"Kamera mbovu," Cheryl alisema, lakini akarudi nyuma.

Simu ikatetemeka. Ni mama mkwe, Bi Safaa, kutoka nyumbani, mtaa wa Merrylands, hapa Sydney. Imad, mtoto wa pekee wa Nusra, kapandwa na homa ghafla, analia kwamba anabanwa.

"Mpe Panadol, mama."

"Nimempa. Nusra, leo mlipowasha huo moto wenu, ulisema Bismillahi?"

Nusra hakuwa amesema. Kwao Tanga hata maji ya moto hayamwagwi chini kabla ya kulitaja jina la Mungu, ili viumbe wasioonekana, yaani majini, wapishe. Kila siku hunong'ona hivyo kabla ya kubonyeza kitufe cha leza. Leo walikuwepo wageni wa chuo kikuu, wote na tai shingoni, akaona haya. Haya tu, jamani!

"Umemuunguza mtoto wa watu," Bi Safaa alinong'ona. "Mfungue, mwanangu, kabla wetu hajatutoka."

Nusra akalishika lile bano la almasi na kuanza kulegeza skrubu, huku Cheryl akimwuliza kama ana wazimu, huku udi ukizidi kunuka, huku kitu kikilia kilio chembamba cha mtoto mchanga kutoka mahali pasipotosha hata chawa kujificha, na machozi yakimtoka, mpaka almasi moja ikapasuka na ule mwanga ukazimika.

Aliendesha gari mpaka Merrylands bila kumuaga mtu.

Imad alikuwa amekaa kitandani. Paji la uso lilikuwa baridi. Nusra alimkumbatia, akacheka na kulia kwa pamoja.

"Unajisikiaje, baba?"

Mtoto huyu alizaliwa Sydney. Ukimsemesha Kiswahili, hukujibu kwa Kiingereza. Sasa alijibu kwa Kiswahili cha Tanga, taratibu, kwa sauti ya mwanamke mtu mzima.

"Ahsante kwa kumfungua mwanangu. Ila jicho lake moja limeungua."

Akafumba jicho la kulia, akalifumbua. Akafumba la kushoto.

"Na huyu wako, nikuachie lipi?"