Mkono Chini ya Gari

Ko. Ko-ko. Ko.

Matiko aliweka kikombe chini akatega sikio. Vumbi la asubuhi lilikuwa limeufunika uwanda wote wa magadi na hakuna kilichoonekana, lakini mlio ulizidi kukaribia: chuma kinagonga chuma, mbele, upande wa kushoto, kila gurudumu lilipoingia shimoni. Kabla taa hazijatokeza, alikwishajua gari linaumwa wapi.

Lilikuwa gari-jiendeshi la kupanda milima. Liliingia Kituo cha Saba bila dereva, likajipeleka lenyewe mbele ya Mpimaji, mashine ya kukagua magari. Mashine ile ilikunjua mikono yake minne ya chuma, ikalishika gari kwenye fremu na kulinyanyua juu, magurudumu yakining'inia. Miale ya buluu ilipita juu ya kila nati. Vidole vyembamba vilitikisa kila kiungo. Dakika nne zikatosha.

"Gari ni zima," alisema Mpimaji kwa sauti tamu isiyochoka. "Ruhusa ya safari imetolewa."

Abiria alikuwa mmoja, muuguzi aliyeitwa Tunsume, amesimama kando, amekumbatia sanduku la chanjo.

"Dada, usiondoke," Matiko alisema. "Bolijointi ya kushoto, kile kiungo kinachoshika gurudumu, imekwisha."

Tunsume alimtazama toka kofia hadi viatu. "Kumbe ndiwe! Nimeonywa."

"Umeonywa nini?"

"Kwamba hapa hakuna gari linalopita bila kupatikana na ugonjwa. Mpima ardhi mmoja ulimlaza siku mbili kwa shokapu isiyo na kosa. Ukampikia ugali, ukamsimulia maisha yako tangu chekechea."

Ilikuwa kweli. Zamani kituo kilikuwa na mafundi sita, na kutwa nzima karakana ilijaa matusi ya mapenzi yakitoka chini ya magari. Mpimaji alipoletwa, watano waliondolewa. Matiko aliachwa awe anafuta vumbi kwenye macho ya mashine. Zilikuwa zikipita hata wiki tatu bila mtu kumwita kwa jina. Ndipo siku ile alipomdanganya mpima ardhi, ili tu asikie mtu akikohoa chumba cha pili.

"Yule nilimwongopea," alisema hatimaye. "Wewe sikuongopei. Mbele kuna mteremko wa kona kumi na moja. Nipe dakika kumi."

"Watoto wananisubiri bondeni kesho asubuhi, kaka. Kumi tu. Ya kumi na moja naondoka."

Mpimaji aliliteremsha gari, likakaa kwa uzito wake. Matiko alilala chini, akashika kwanza kiungo cha tairodi, fimbo inayogeuza gurudumu, ahakikishe mlio hautoki hapo. "Ingia ndani. Kamata usukani wa dharura, utikise kushoto kulia. Kidogo kidogo. Usizungushe, tikisa!"

Tunsume alitikisa. Matiko alisikiliza kwa kiganja. Upande wa kulia, kimya. Wa kushoto, kimya vilevile.

"Enhe?" Tunsume aliuliza kutoka juu.

"Tairodi ni nzima."

"Ugali ushauinjika, au bado?"

Masikio yalimwaka Matiko. Alivuta jeki, akaipachika chini ya mkono wa gurudumu wenyewe, chuma kinacholibeba, siyo kwenye fremu. Akapampu mpaka tairi likaachana kidogo na ardhi, kisha akamwita Tunsume ashuke, akampa mtaimbo.

"Mpimaji hunyanyua gari kwa fremu," alisema. "Springi inabaki inausukuma mkono chini, inaibana bolijointi, ulegevu wote unajificha. Sisi tulikuwa tunaunyanyua mkono wenyewe ili springi iachie. Kazi ya watu wawili: mmoja anainua tairi, mwenzake anashika. Inua."

Tunsume aliinua.

Ko.

"Sasa tubadilishane," Matiko alisema. "Usiniamini mimi. Lala chini, weka mkono wako hapa."

Tunsume alimpa mtaimbo, akalala kwenye vumbi na gauni lake jeupe. Matiko aliinua tairi. Aliuona uso wake ukibadilika.

"Kinaruka," Tunsume alinong'ona. "Mungu wangu. Kinaruka kama jino bovu."

Kiungo kilipofunguliwa, kichwa chake kilikuwa kimelika kikabaki chembamba, bila hata tone la grisi. Kona moja tu, nacho kingechomoka, gurudumu lilale, gari liende korongoni. Nyuma yao Mpimaji alirudia: "Gari ni zima. Ruhusa ya safari imetolewa."

"Hebu nyamaza wewe!" Tunsume alimkemea.

Kichapa-chuma, mashine ya karakana ya kuchapa vipuri, kilihitaji saa tatu kutengeneza bolijointi mpya. Walikula viazi. Tunsume alizungumza kuhusu dada zake, naye Matiko, aliyekuwa na maneno ya mwaka mzima kifuani, aliwataja tu wenzake watano walioondolewa, akaogopa kuyafungua mengine. Saa nane mchana gari lilikuwa tayari. Lingefika bondeni kabla ya giza.

"Narudi Jumanne," Tunsume alisema akipanda. "Wenzako hawapo tena, lakini mimi nashika mtaimbo vizuri. Lakini nitajuaje siku hiyo unasema kweli?"

Matiko alifunga mlango, mkono ukabaki kwenye dirisha lililokuwa wazi. 

"Jumanne nitalikagua mwenyewe," alisema kwa sauti iliyoijaza karakana yote. "Nikilikuta zima, nitakwambia ni zima, Tunsume, hata kama utaondoka dakika ileile. Nakuahidi."