Maganda na Migomba ya Bibi

Kila asubuhi, kabla ya chai, Bibi Kokuberwa aliizungukia migomba yake minne nyuma ya nyumba yao, mtaani Kiseke. Machipukizi aliyaleta kwa meli kutoka Bukoba, mwaka aliofiwa na mumewe.

"Kule kijijini kwetu Kanyigo ukitoka mlangoni tu, umo mgombani," alimwambia mjukuu wake, Jovina. "Nikisikia majani haya, naona niko nyumbani."

Migomba ile ilinyweshwa maji yaliyokwisha kutumika. Maji ya kuogea na kuoshea vyombo ya nyumba sita yalikusanyika katika tangi moja, yakapita kwenye kokoto na matete, yakatoka yakifaa kumwagilia migomba, ingawa si kunywa. Kazi ya Jovina ilikuwa kusafisha chujio la karo la kuoshea vyombo na kuyapeleka maganda ya ndizi shinani mwa migomba.

Jumamosi moja alimenya ndizi huku akili yake iko kwenye mechi ya netiboli. Aling'oa chujio, akasukumia maganda yote tunduni, akalirudisha, huyoo, akatoka mbio!

Jumanne maji machafu yalifurika uani. Uvundo haukuwa na mfano.

"Tuufunge mtambo huu wa kuchuja maji," alifoka jirani yao, Mzee Ngosha. "Kila mtu achimbe shimo lake, gari la majitaka lije kunyonya."

"Na migomba yangu?" aliuliza Bibi. Kiangazi kilikuwa kikali, na maji ya bomba yalitoka mara mbili tu kwa wiki. Bibi aliligusa shina moja kwa kiganja. Jovina aliona aibu mpaka machozi yakamtoka.

"Samahani, babu, msiufunge," alisema. "Ni mimi niliyesukumia maganda humo."

Mzee Ngosha alimtazama, akaenda kuchukua waya. Walizibua mpaka jioni: yeye akivuta, Jovina na glavu zake akizoa. Mechi nyingine, ya jioni hiyo, ilimpita. Hatimaye maji yakatembea tena.

"Bomba kubwa la mji likiziba, tunapiga simu," alisema Mzee Ngosha. "Huu mtambo ni wetu. Ukiziba, wa kupigiwa simu ni sisi. Uvivu wako umetuletea uvundo sote, lakini ukweli wako umetuokoa."

Jovina alibeba ndizi zilizobaki, akaketi kumenya. Bibi akamsogezea ndoo.

"Kwetu ganda halitupwi, mjukuu wangu," alisema kwa upole. "Linarudi kwa mama yake."