Jina Chini ya Mstari

Kila Jumamosi, akishamaliza kufua sare zake, Chiriku alikwenda kumsaidia shangazi yake, aliyekuwa karani wa kanisa. Jina lake la ubatizo lilikuwepo katika kitabu cha kanisa, lakini kwa mdomo wake usiojua kupumzika, wote walimwita Chiriku tu. Alikuwa na miaka kumi na miwili na mwandiko wa kupendeza, kwa hiyo shangazi alimpa kazi ya heshima: kunakili majina ya watu wa kuombewa Jumapili. Waumini waliyaandika kwenye vijikaratasi na kuvitumbukiza katika kisanduku kilichokuwa mlangoni. Chiriku aliyapanga kwenye karatasi moja yenye mstari katikati. Juu ya mstari aliandika wagonjwa, na chini yake marehemu.

"Nafasi ikiisha, chukua karatasi nyingine kabatini," shangazi alizoea kumwambia. "Usiwabanebane watu wa Mungu."

Jumamosi moja wagonjwa walikuwa wengi, maana mafua yalikuwa yamepiga hodi kila nyumba. Kikabaki kijikaratasi kimoja: Bibi Cherehani, mguu. Juu ya mstari hapakuwa na nafasi hata ya sisimizi kujinyoosha. Kabati lilikuwa hatua tatu tu, lakini nje wenzake walikwisha kuanza kucheza mpira. Chiriku akaliandika jina lile chini ya mstari, akikusudia kuchora mshale wa kulipandisha juu.

"Chiriku, njoo! Tumepungukiwa na mtu mmoja!" sauti ikaita dirishani.

Akaiacha kalamu na kutoka mbio. Mshale haukuchorwa.

Jumapili, Mzee Msomaji alisimama mbele kama alivyosimama kwa miaka thelathini. Ndiye aliyemfundisha Chiriku kusoma mbele za watu. "Nukta ni mlango, mwanangu," alimwambia. "Simama kwanza, ndipo uingie." Siku hiyo alisoma majina ya wagonjwa kwa sauti yake nzito, kisha akawataja waliolala katika Bwana. Alipofika jina la mwisho, akalitazama mara mbili.

"Na... Bibi Cherehani."

Kanisa zima likaangua kilio. Bibi Cherehani alikuwa ameshona kila kanzu ya kwaya, na sasa waimbaji walizilowesha kwa machozi kola alizozipinda kwa mkono wake. Kasisi, aliyempelekea Ushirika Mtakatifu Alhamisi na kumwacha akitania, alishika kichwa. Chiriku akaelewa papo hapo. Alitaka kupiga kelele kwamba bibi yu hai, lakini ulimi uliokuwa hodari kila siku ukaganda kama uji uliopoa.

Ibada ilipokwisha aliichukua karatasi ile, akaikunja na kuisokomeza mfukoni mwa gauni.

Wanachama wa Umoja wa Akina Mama hawakungoja kitu. Wakashika njia na sufuria zao za kupikia msibani, na Chiriku na shangazi yake wakiwafuata. Walimkuta Bibi Cherehani barazani, mguu juu ya kigoda, anachambua mchele.

"Karibuni, wanangu. Mbona nyuso za msiba? Nani amekufa?"

Mwenyekiti wa akina mama akatua sufuria yake.

"Tumeambiwa ni wewe, mama."

"Mimi? Na mwenyewe sikupewa hata taarifa!"

Wengine wakacheka, wengine wakalia zaidi. Katikati ya vurugu hiyo akafika Mzee Msomaji pamoja na kasisi, jasho likimtiririka.

"Nisamehe, dada yangu," alisema mzee. "Ni macho yangu haya. Kasisi, tafuta msomaji mwingine. Anayewazika walio hai hafai tena kusimama pale."

"Kweli, mzee wetu apumzike," mama mmoja akanong'ona, na vichwa kadhaa vikatikisika kukubali.

Mzee akavua miwani akaanza kuifuta. Chiriku aliigusa karatasi mfukoni. Akiitupa katika jiko la bibi lililokuwa likiwaka pale, hakuna ambaye angejua kamwe. Lakini alimpenda mzee yule, na kumwona akijilaumu kwa kosa ambalo si lake kulimuuma.

"Si macho yake," akasema. Akaitoa karatasi. "Ni mimi. Nafasi ilikwisha, nikaona uvivu kwenda kabatini. Niliandika chini ya mstari ili niwahi mpira."

"Hatua tatu, Chiriku!" shangazi akafoka. "Hatua tatu tu!"

Kasisi aliisoma karatasi, akamkabidhi mzee. Mzee Msomaji alivaa miwani, akaisogeza karatasi karibu, akaiweka mbali, akaisogeza tena.

"Kumbe naona!" akasema, na uso ukamchangamka kama wa mtoto. "Nilisoma sawasawa kabisa!"

Kasisi aliamua kwamba Jumapili ifuatayo Chiriku mwenyewe asimame na kusahihisha. Wiki nzima hakulala vizuri. Siku ilipofika, alisimama mbele, Mzee Msomaji akiwa kando yake.

"Jumapili iliyopita niliandika jina mahali pasipo pake," alisoma. "Mzee Msomaji hakukosea. Mimi ndiye niliyekosea, kisha nikanyamaza. Naomba mnisamehe. Bibi Cherehani ni mgonjwa wa mguu tu."

"Na nipo!" sauti ikajibu kutoka kiti cha nyuma. Bibi alikuwa amekuja, fimbo mkononi. Kanisa likaangua kicheko, hata kasisi akajificha nyuma ya kitabu chake cha sala.

Kisha Mzee Msomaji akakohoa kidogo, akasoma somo la siku, na hakuna aliyemtaka apumzike.

Baadaye bibi alimvuta Chiriku karibu naye.

"Nimeshona miaka arobaini, mjukuu wangu, na nimekosea mishono mpaka nimechoka kuhesabu. Mshono uliokosewa hufumuliwa mapema. Ukiona haya ukauacha, nguo nzima huenda upande, na anayeivaa ni mwenzako. Wewe ulichelewa kidogo, lakini umefumua mwenyewe, tena mbele za watu. Sasa nishike mkono, unipeleke nyumbani."