Gari la Karani Limekataa Kuwaka

"Bonyeza stata tena, mzee!"

Injini ikalia nyii-nyii-nyii, ikanyamaza.

"Tena?" akauliza Ansbert kutoka kwenye usukani, jasho likimtoka.

"Basi. Hata ukibonyeza mpaka Krismasi halitawaka. Niache nitafute ugonjwa."

"Utafute upesi, Wilbert. Treni ya Mwanza haimsubiri karani."

Ansbert alikuwa Mhaya, karani wa serikali, na kigari hicho cheusi alikinunua kwa Mzungu mmoja wa shamba la mkonge aliyerudi kwao. Ilikuwa miaka michache baada ya vita, na hapa Temeke Mwafrika mwenye gari alikuwa kitu cha kutazamwa. Leo gari lilitakiwa limpeleke binti yake Kokushubila stesheni. Angefika Mwanza, avuke ziwa mpaka Bukoba kwa shangazi zake, na huko alikuwepo mwalimu Polikarpo aliyekwisha kumuulizia. Neno lilikuwa halijakatwa, lakini msichana akisafirishwa namna ile, watu huanza kuulizia siku ya ngoma.

Asilolijua Ansbert ni kwamba fundi aliyeinama mbele yake, kichwa ndani ya boneti, ndiye aliyekuwa moyoni mwa binti huyo.

"Karani! Mfunge punda mbele livutwe!" alicheka Mwanakombo, jirani Mzaramo, akipeta mchele barazani kwake.

"Mama Mwanakombo, leo sina utani."

"Hata gari lako halina. Limenuna kama wewe."

Wilbert aliwasha taa, zikawaka. Betri nzima. Akalegeza mpira wa kabureta, petroli ikamtiririka vidoleni. Petroli ipo. Akachomoa waya wa plagi, akausogeza karibu na chuma.

"Bonyeza kidogo, mzee."

Hakuna cheche.

"Moto haufiki kwenye plagi."

"Jana ulifika. Jana nimekwenda nalo kanisani!"

"Ndiyo, mzee. Basi kuna kitu kimebadilika tangu jana."

Akafungua kifuniko cha distributa, akaduwaa. Rota haimo, kile kidude kidogo kinachozunguka mle ndani na kuzigawia plagi moto. Kingekuwa kimevunjika angeona vipande. Hiki kilikuwa kimetolewa kwa mkono.

Vitani Burma, alipokuwa dereva wa Keya, jeshi la Waingereza, walifundishwa kuichomoa rota kila wanapoliacha lori, adui asije akaondoka nalo. Hapa Temeke alimfundisha mtu mmoja tu, Jumapili moja akilisafisha gari hilihili.

Akafunga kifuniko haraka.

"Umeona nini?" aliuliza Ansbert.

"Nakwenda kuomba maji, mzee. Ya rejeta."

Akazunguka nyuma ya nyumba. Kokushubila alikuwa dirishani, amevaa gauni la safari.

"Koku, iko wapi?"

"Ninayo."

"Nipe."

"Nikupe unisafirishe? Mwambie baba gari limekufa. Wewe fundi, atakuamini."

"Leo ataamini. Treni ijayo je? Utatoa nini, magurudumu?"

"Nitatoa hata usukani! Mie angalau nimetoa kitu. Wewe umetoa nini, Wilbert? Kila Jumapili unakula ndizi za mama, unasema ahsante mama, unakwenda zako. Nani kaja kuniulizia? Polikarpo! Kutoka kule ziwani! Wewe uko hapahapa, mdomo umeusahau gereji."

"Baba yako karani, Koku. Mie hata kucha hazitakati."

"Baba hajawahi kuuliza kucha zako. Unazitazama mwenyewe."

Akapenyeza mkono kati ya nondo, akamtilia rota kiganjani kwa nguvu hata ikamuumiza.

"Haya, nenda ukaliwashe. Na mkono unipungie."

Wilbert alirudi. Ansbert alikwisha kushuka, amesimama kando ya boneti.

"Maji yako wapi?"

Wilbert aliinama tena ndani ya boneti. Akaipachika rota, akabana kifuniko.

"Hicho umekitoa wapi? Nimekuuliza! Nani anajua kukiondoa kitu kama hicho ila fundi? Umeniharibia gari nikuite ulitengeneze?"

Mwanakombo aliacha kupeta.

Wilbert alipitisha mkono dirishani, akabonyeza stata. Gari likanguruma mara moja.

"Gari lako limepona, mzee. Kama ni kumpeleka, njia nyeupe. Lakini mimi sitaki aende. Mimi nataka..."

"Nyamaza!"

"Nimeitoa mimi, baba." Kokushubila alikuwa mlangoni. "Asisingiziwe mtu."

"Nami ndiye niliyemfundisha," alisema Wilbert.

Ansbert alimtazama huyu, akamtazama yule.

"Jumapili zote hizo! Nami nikadhani unapenda injini."

"Injini nayo naipenda, mzee."

Mwanakombo alipasuka kicheko, akajiziba mdomo kwa kanga.

"Tekla!" Ansbert alimgeukia mkewe, aliyetokea nyuma ya binti. "Ulikuwa unajua?"

"Nilijua tangu alipoanza kuniita mama kwa sauti ya chini," alijibu Tekla. "Ulikuwa hunisikilizi, unasikiliza gari."

Ansbert alivuta pumzi.

"Wilbert. Wewe ni Mhaya au umeacha?"

"Mhaya, mzee. Wa Kamachumu."

"Huko Kamachumu kijana humwomba msichana mwenyewe, mikono imejaa oili, injini inanguruma?"

"Hapana, mzee. Hutuma mshenga."

"Basi hayo uliyosema sikuyasikia, na sina ruhusa ya kuyasikia. Mkubwa wako hapa Dar es Salaam nani?"

"Baba mdogo, Didas. Anakaa Ilala."

"Ilala!" Sauti ya Ansbert ilikatika. "Muda wote huu ana baba mdogo Ilala! Watu wa Polikarpo wamevuka ziwa kuuliza. Ningemjibu nani mwingine? Asiyeuliza?"

Wilbert aliinamisha kichwa.

"Mshenga akiwa hapa kabla ya saa ya kutoka, nitamsikiliza. Asipokuwepo, tunakwenda stesheni."

"Kwa miguu mpaka Ilala na kurudi, mzee..."

"Gari si limepona?" alisema Tekla, kama anayeulizia chumvi.

Mwishowe Ansbert aliufungua mlango wa dereva, akasogea kando, akatazama pembeni.

"Usilizime njiani."

Gari likatimua vumbi.

Kokushubila alikaa kizingitini. Ansbert akawa anakwenda barabarani, anarudi, anatazama saa yake, anakwenda tena.

"Asiporudi?"

"Atarudi, baba."

"Na gari langu?"

"Karani," alisema Mwanakombo, "unamlilia mtoto au unalilia gari?"

Saa ya kutoka ilikuwa imefika kabisa, Ansbert amekwisha kuvaa kofia, honi iliposikika. Mzee Didas aliteremka akihema, koti amelifunga vifungo kombo. Wakasalimiana, wakaulizana habari za nyumbani moja baada ya nyingine kana kwamba siku yote ilikuwa yao. Tekla akaleta viti barazani. Wilbert akabaki nje kwenye gari, kama inavyotakiwa, na Kokushubila akaingia ndani, kama inavyotakiwa.

Ansbert alivua kofia, akaiweka magotini.

"Karibu, bwana Didas. Umekuja kwa jambo gani?"

"Nimetumwa, bwana Ansbert. Tumesikia kwamba katika nyumba hii..."

Honi ya treni ililia, ndefu, upande wa reli. Didas akakatisha maneno, akamtazama mwenyeji wake kwa wasiwasi.

"Bwana Ansbert, si treni ile?"

"Endelea," alisema Ansbert. "Ile si yetu."