Shati la Raoul

Pikipiki ya TVS ilipaa juu ya tuta, ikatua, ikayumba. Gradi hakupunguza mwendo.

Mbele yake magari mawili ya maiti, Mercedes nyeupe na Hiace kuukuu, yalikimbia kwenye barabara ya Kipushi, saa tano asubuhi. Jeneza katika moja, lipi haikujulikana, halikuwa na maiti. Lilibeba madini ya germanium yaliyoibwa mgodini, na mnunuzi mgeni alikuwa akiyasubiri upande wa Zambia. Huku hakuna askari anayethubutu kusimamisha kilio, msafara wa mazishi. Wezi walilijua hilo.

Lakini kilichomchoma Gradi hakikuwa jeneza.

Ilikuwa Prado iliyomtangulia. Ndani walikaa wenzake wa idara ya upelelezi, Raoul na Deborah, wamejifanya bwana na bibi wanaokwenda msibani, wamevaa kitambaa kimoja. Pagne ile, kitenge cha bluu chenye ndege wa njano, aliinunua Gradi mwenyewe, yadi sita: nne za Deborah, mbili za shati lake yeye, la siku ya kupeleka mahari kwao Deborah. Sasa shati lilikuwa mgongoni mwa Raoul. Na Deborah alikuwa anacheka.

Wivu ulimfanya aongeze gesi.

Redio ikakwaruza sikioni.

"Chef, ni ile Mercedes ya mweupe," alisema Raoul. "Inakata kushoto. Gari ya mupya, na hakuna muntu analia ndani."

"Bien reçu," akakubali mkuu wao, chef Zéphirin, kutoka ofisini. "Bote mufuate Mercedes. Gradi pia."

Prado ikakata kushoto. Gradi alibaki akiitazama Hiace kuukuu iliyoshika njia ya mpakani. Akaisogelea ubavuni. Mjane alikaa mbele, karibu na dereva, akilia vizuri sana.

Upepo ukafunua kitenge chake cheusi. Chini yake, sketi nyekundu yenye samaki weupe.

Gradi akaangalia mkono wa dereva kwenye usukani. Chini ya koti jeusi, shati jekundu. Samaki weupe.

Mtu mwingine asingeona. Gradi, ambaye kwa wiki tatu, tangu wenzake waanze kujifanya bwana na bibi, macho yake hayakuwa na kazi ila kufuata nguo za watu wawili wawili, aliona. Mjane hampeleki mumewe kaburini akiwa amevaa sare na mwanamume aliye hai.

"Chef, ni Hiace. Mujane na chauffeur banavaa pagne moja."

"Gradi," alisema Raoul polepole, "ile ni wivu yako njo inasema."

"Ukisimamisha kilio ya kweli," chef akaongeza, "kesho usikuye ku kazi."

Kilomita tatu kufika mpakani. Kama amekosea, atamwaibisha mjane mbele ya maiti ya mumewe, na Raoul atabaki na kazi, na shati, na labda Deborah.

Akafungua gesi mpaka mwisho.

Aliipita Hiace, akailaza TVS katikati ya barabara. Breki zikalia. Dereva aliingiza mkono chini ya kiti, lakini Gradi alikwisha kufika dirishani, na bastola yake, Glock, ilikuwa sikioni mwa dereva.

"Tosha mukono inje, baba. Polepole."

Mjane aliacha kulia papo hapo.

Bisibisi ikafungua jeneza. Mifuko minane, unga wa kijivu.

"Chef, njo yenyewe."

Chef akampongeza: "Bien joué."

Prado ilifika na vumbi lake. Deborah akashuka wa kwanza.

"Ulijua je?"

"Kule ngambo bangetosha manguo nyeusi, banaenda kucheza ku fête. Bantu benye kupendana, njo banavaaka kitambaa moja."

Deborah aliinamisha macho. "Gradi, kwetu ilikuwa kazi."

"Kazi inaisha." Akamnyooshea Raoul mkono. "Shati."

Raoul alimtazama Deborah, akaitazama Glock. Akafungua vifungo kimoja kimoja, akabaki na singileti yenye tundu katikati ya barabara ya Kipushi.

Gradi akalivaa, akainua TVS yake, akaondoka bila kugeuka.

Lilimbana mabegani. Fundi alikuwa amempima Raoul, si yeye.