Mruko wa Pili wa Panzi

Kila asubuhi kabla ya kwenda shule, Futi alifagia vipande vya nguo chini ya cherehani ya mama yake, akajaza uzi kwenye bobini, kisha akanywa chai akiwa amesimama, maana viti vyote vilikuwa vimejaa magauni ya watu. Alikuwa na jina lingine kwenye daftari la mahudhurio, lakini tangu darasa la pili wenzake walimwita Futi kwa sababu hakuachana na futi ya kupimia. Aliivaa shingoni kama mkufu. Alipima madawati, alipima mkia wa paka wa jirani, na siku moja alimwangalia tu mwalimu mkuu akipita, akawanong'oneza wenzake kwamba suruali yake imezidi inchi moja na nusu. Walipokwenda kuchungulia, kweli pindo lilikuwa linafagia sakafu.

Wiki hiyo cherehani haikupumzika. Darasa la sita lilikuwa linakwenda kambini kwa siku tatu, na mwalimu wa historia alitaka kila mtoto awe na vazi jeupe la kufunga begani, la kumkumbusha Ugiriki ya kale. Huko kambini wangeshindana michezo kama ile iliyochezwa zaidi ya miaka elfu mbili iliyopita: mbio, kurusha kisahani, kurusha mkuki, mieleka na kuruka.

"Mama, kweli watu wa zamani walikimbia wamejifunga shuka?" Futi aliuliza.

"Mimi nashona, mwanangu. Ya Ugiriki kamuulize mwalimu wako."

Aliyeisubiri safari hiyo kuliko wote ni Panzi. Panzi alikuwa binti wa fundi baiskeli, nyumba ya pili kutoka kwao, na yeye na Futi walikuwa kama chanda na pete. Kwa miezi miwili, kila jioni, Panzi aliruka mtaro ulio nyuma ya karakana ya baba yake, Futi akipima. Alianza kwa kutumbukia ndani. Magoti yalichubuka, sare ilichanika, mama yake Futi akaishona bila kuuliza. Mwisho wa mwezi wa pili Panzi aliuvuka mtaro huo na hatua nzima ya ziada.

Kambi ilikuwa kwenye uwanja mpana wa nyasi kando ya mto. Walisimamisha mahema manne, na mwalimu akasema kila hema ni mji, kwa kuwa wanamichezo wa zamani walitoka miji mbalimbali. Futi na Panzi walipangiwa hema moja, ingawa usiku wavulana na wasichana walilala mbalimbali. Visahani vilikuwa vya mbao, mikuki ilikuwa mianzi isiyo na ncha, na kwa ajili ya kuruka, mwalimu alijaza mchanga kwenye chupa ndogo za plastiki.

"Wagiriki waliruka wakiwa na uzito mikononi," alieleza. "Unaurusha mbele unaponyanyuka, nao unakuvuta. Na aliyeruka alipigiwa filimbi."

"Filimbi nitapiga mimi," alisema dereva wa basi, mtu mzima mwenye kitambi na sauti ya upole, ambaye watoto walimwita Mjomba. Akatoa filimbi ya mwanzi kwenye begi lake, akaipiga vizuri mno hata walioshika nyundo za kukita hema wakasahau kazi.

Kisha wakachagua majukumu kwa kuokota vikaratasi. Futi alitaka kukimbia. Alipokifungua chake, kilikuwa kimeandikwa MWAMUZI. Uso ukamshuka.

Mwalimu alimwona. "Usinune," alimwambia. "Kule kwenye michezo ya zamani, waamuzi nao walikula kiapo. Njoo ule chako."

Futi aliweka mkono juu ya jiwe mbele ya darasa zima, akasema, "Nitasema nilichokiona." Alipewa vibendera viwili. Cheupe, mruko ni halali. Chekundu, mrukaji amevuka ubao.

Siku ya pili asubuhi mashindano ya kuruka yakaanza. Kila mmoja aliruhusiwa miruko mitatu, na mrefu kuliko yote ndio uliohesabiwa. Futi alichuchumaa kando ya ubao uliozikwa kwenye ardhi ngumu. Ardhi hiyo haikushika alama ya mguu. Kilichohitajika pale ni jicho tu.

Wengi waliangusha chupa au walirukia pembeni, wakacheka na kurudi. Lakini hema la tatu lilikuwa na msichana mmoja wa miguu mirefu aliyeitwa Twiga. Twiga hakuwa mwongeaji. Alisogeza nywele, akashika chupa zake, akakimbia hatua tisa, akaruka. Futi alipima: mita tatu na sentimita sitini na mbili. Hema la tatu likapiga makofi mpaka ndege wakahama.

Mruko wa kwanza wa Panzi ulikuwa mita tatu na nusu. Alirudi nyuma, akatikisa miguu. Filimbi ya Mjomba ikaanza taratibu, ikaongeza kasi pamoja na hatua zake. Panzi alikuja mbio, akakanyaga ubao, chupa zikaenda mbele, naye akapaa. Watu wote wakamfuata kwa macho hadi mchangani.

Futi peke yake alikuwa anaangalia ubao. Aliona kidole gumba cha mguu wa Panzi kikipita ukingo. Kilipita kidogo sana, upana wa ukucha, lakini kilipita.

Panzi alisimama mchangani akageuka kumtazama. Uso wake ulikuwa unang'aa kwa jasho na matumaini. Futi aliyakumbuka yale magoti yaliyochubuka. Ni ukucha tu, alijiambia. Mkono wake ukanyanyua kibendera cheupe.

Mita tatu na sentimita sabini na moja. Hema lao likamrukia Panzi na kumwangusha tena mchangani. Mruko wa tatu wa Twiga ulipokuwa mfupi kuliko huo, Panzi alimwambia mwalimu kwamba wake atauacha. "Nitunze miguu kwa ajili ya mbio za alasiri," alisema.

Wakati wa chakula Futi aliketi na sahani yake bila kuigusa. Twiga alikuja mpaka pale walipokaa.

"Hongera," alimwambia Panzi. "Nimekuangalia. Unazirusha chupa wakati gani hasa? Mimi naona nachelewa."

Panzi alisimama kumwonyesha, na kwa muda mrefu wote wawili walikuwa wanarusha mikono hewani kama watu wanaofukuza nyuki. Futi aliinuka akaondoka. Kama Twiga angenuna au angetoa maneno, labda ingekuwa rahisi. Lakini Twiga alikuwa amekuja kujifunza kutoka kwa mtu ambaye hakumshinda.

Baadaye yeye na Panzi waliosha vyombo bombani.

"Panzi," Futi alianza, "ule mruko wako wa pili."

"Umeusikia mpaka tumboni, sivyo? Hata chakula hukula."

"Ulivuka ubao. Kidole gumba. Nilikiona."

Panzi aliendelea kusugua sahani ileile. "Na ukanyanyua cheupe."

"Ndiyo."

"Kwa nini?"

"Nilikuangalia usoni. Nikakumbuka miezi miwili yote ile. Nikaona, ukucha tu."

Futi alitegemea rafiki yake atamshukuru, au atamwomba anyamaze. Panzi aliweka sahani chini.

"Nilikuwa na mruko mmoja umebaki," alisema polepole. "Ungenyanyua chekundu, ningeuruka. Nimeuacha kwa sababu nilikuamini."

Tangu asubuhi Futi alikuwa anafikiri amemkosea Twiga tu. Haikuwa imempitia kichwani kwamba ule wema wake ulikuwa umemnyang'anya Panzi nafasi ya mwisho.

Panzi alikwenda akasimama kwenye ukingo wa mto, akampa mgongo. Alikaa huko muda wa kutosha kwa Futi kuosha sahani zote zilizobaki, na sufuria ambazo hazikuwa zamu yao. Aliporudi macho yake yalikuwa mekundu, lakini sauti ilikuwa imetulia.

"Twende kwa mwalimu. Utaongea wewe. Mimi nitasimama karibu yako."

Mwalimu wa historia alikuwa ameketi na Mjomba kwenye ngazi ya basi, wakisuka mataji ya majani ya kuwavalisha washindi. Futi alieleza yote bila kupunguza. Alipomaliza, mwalimu aliweka chini taji alilokuwa akisuka, akamwita Twiga, akamtaka Futi arudie.

"Kwa hiyo mimi ndiye mshindi," alisema Twiga.

"Kwa vipimo halali, ndiyo," mwalimu alijibu.

Twiga alimtazama Panzi, akatazama majani yaliyotapakaa kwenye ngazi. "Mwalimu, naomba auruke ule wa tatu. Ameuacha kwa kuwa aliambiwa anaongoza. Nikilivaa taji sasa, kila nikimwona darasani nitajiuliza angefika wapi."

"Unaweza kulikosa," mwalimu alimwonya.

"Najua."

Mjomba, ambaye alikuwa amejifanya hasikii, alikohoa na kufuta jicho kwa mgongo wa mkono.

Darasa lote lilikusanywa tena kwenye shimo la mchanga. Mwalimu alimwacha Futi aseme mwenyewe. Alisema yote: aliona, akaficha, kwa sababu mrukaji alikuwa rafiki yake. Minong'ono ikapita. Mvulana mmoja wa hema lao alilalamika kwamba amewaangusha. Mwingine wa hema la tatu aliuliza, "Sasa nani atamwamini huyu?"

"Swali zuri," alisema mwalimu. "Nani awe mwamuzi wa mruko huu?"

"Futi," alisema Panzi. "Hakuna mwenye jicho kama lake."

Twiga alikubali kwa kichwa. "Akae palepale."

Futi alichuchumaa kando ya ubao. Filimbi ikaanza. Panzi alikuja, hatua zake zikigonga ardhi sawasawa, akakanyaga ubao akiacha nafasi ya kidole kizima kabla ya ukingo, akapaa. Kibendera cheupe kikanyanyuka.

Futi akakunjua futi yake juu ya mchanga. Alipima mara moja, akapima tena. Kila mtu alikuwa amemkodolea macho, Panzi pia.

"Mita tatu na sentimita sitini," alitangaza. "Twiga ndiye mshindi, kwa sentimita mbili."

Panzi alipangusa mchanga magotini, akaenda kumshika Twiga mkono. "Hivi, mwalimu," aliuliza, "wa pili alipewa nini kule Ugiriki?"

"Hakupewa kitu."

"Wachoyo hao," alisema Panzi, na darasa likaangua kicheko, Twiga akicheka kuliko wote.

Saa kumi jioni zilipigwa mbio za mwisho. Wakimbiaji wanane walijipanga mstari karibu na mto, wakakimbia kuelekea kwenye mahema. Futi alisimama kwenye mstari wa kumalizia. Katikati ya njia watano waliachwa. Watatu walikuja wamebanana, Panzi, Twiga na yule mvulana wa hema la tatu aliyeuliza nani atamwamini. Walivuka mstari kwa pamoja, vumbi likawafunika, na waliosimama pembeni wakatazamana, maana hakuna aliyejua nani ametangulia.

"Mwamuzi?" mwalimu aliita.

Futi alikuwa ameona vizuri. Alijua pia jinsi jibu lake litakavyosikika.

"Panzi. Kwa kifua. Wa pili ni huyu," alisema, akimwonyesha yule mvulana.

Aliyasubiri maneno. Mvulana alikuwa ameinama, mikono magotini, akihema. Alijinyoosha, akamgeukia Futi.

"Kama amesema Panzi, basi ni Panzi," alisema, akaenda kunywa maji.

Hema la tatu lilipiga makofi pamoja na wengine.

Mataji yalipokwisha kuvalishwa, mwalimu alimkuta Futi akikunja kamba za uwanja. Akashika ncha ya pili ya kamba, wakawa wanasogeleana.

"Umeelewa kwa nini hawakubisha?" alimuuliza.

"Kwa sababu wameniona nikikubali kosa?"

"Kwa sababu hiyo, na kwa sababu walikuona ukimpimia rafiki yako sentimita mbili pungufu mbele yao. Leo asubuhi ulitaka kumpa Panzi zawadi, ukamwibia. Alasiri ulimwambia ukweli ambao haukumfaa kitu. Sasa angalia, ushindi wake wa mbio hauna mtu wa kuutilia shaka. Rafiki anayesema ukweli hata unapouma ndiye anayeweza kukutetea na watu wakamsikiliza. Usisahau hilo, hata ukiwa mtu mzima na kazi yako."

"Sitasahau, Mwalimu."

"Na kiapo ulikivunja. Kwa hiyo sufuria za kesho asubuhi ni zako."

"Ndiyo, Mwalimu."

Asubuhi iliyofuata Futi alipofika bombani na rundo la sufuria, alikuta watu wawili wamemtangulia, wamekunja mikono ya nguo zao, kila mmoja na taji la majani kichwani. Panzi alimsogezea sabuni. Twiga alikuwa ameshaanza kusugua.